Mashamba ya huku na ya kule: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kulinganisha makundi mawili kwa takwimu

Kila mwaka mahindi yakishaanza kukauka shambani, maswali yaleyale yanarudi. Wanaouliza ni maafisa ugani wanaotakiwa kuandika ripoti za mashamba darasa, na wanafunzi wa vyuo vya Mbeya na Iringa wanaomalizia tasnifu zao. Nimeona niyajibu mahali pamoja, kwa mifano ya huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Namba za mifano nimezitunga kwa ajili ya kufundishia, kwa hiyo usizinukuu kama matokeo ya utafiti.

Wastani wa kundi moja umezidi wa lingine. Kwani hilo halitoshi?

Halitoshi, kwa kuwa hukupima mashamba yote. Tuseme uko Mbozi na unataka kujua kama wakulima wanaopanda mahindi chotara wanavuna zaidi ya wanaopanda mbegu waliyoitunza wenyewe. Umepata wakulima 12 wa chotara, wastani wao ni gunia 18.4 kwa ekari. Wengine 12 wa mbegu ya kutunza wana wastani wa gunia 15.1. Tofauti ni gunia 3.3. Lakini wakulima wa kila aina ni mamia kwa mamia, na wewe umeonana na 12 tu. Ukirudi wiki ijayo ukachagua 12 wengine, wastani hautakuwa uleule. Tofauti inaweza kuwa 5, inaweza kuwa 1.

Kwa hiyo una maswali mawili mkononi. La kwanza: hii 3.3 inatokana na makundi mawili mazima kutofautiana kweli, au ni bahati ya waliochaguliwa? La pili: kama ni ya kweli, ni kubwa kiasi gani? La kwanza linajibiwa na jaribio la nadharia tete, la pili na masafa ya uhakika, yaani namba mbili ambazo tofauti ya kweli inakadiriwa kuwa kati yake. Ripoti nyingi ninazoletewa zinajibu la kwanza na kuliacha la pili, wakati mkulima anahitaji lile la pili.

Nadharia tete ni nini, kwa lugha ya shambani?

Ni dai unalolishikilia kwa muda ili ulipime. Dai la kuanzia husema hakuna tofauti: wastani wa kundi zima la kwanza ni sawa na wa kundi zima la pili. Dai la pili husema tofauti ipo. Kisha unatazama data yako na kuuliza kama dai la kwanza linaweza kuivumilia. Ikiwa data inalipinga sana, unalikataa. Ikiwa haijalipinga vya kutosha, husemi limethibitika. Unasema ushahidi haujatosha kulikataa. Ni kama mahakamani: mtu kuachiwa kwa kukosekana ushahidi hakuthibitishi kwamba siku ile alikuwa nyumbani.

Na thamani ya p?

Inajibu swali hili: kama kweli hakuna tofauti kati ya makundi mazima, ni mara ngapi bahati peke yake ingetoa tofauti kubwa kama hii niliyoiona, au zaidi? Kwenye mfano wa Mbozi p ni karibu 0.04. Yaani kama mbegu hizo zinazaa sawasawa, sampuli (makundi madogo ya waliochaguliwa) za namna hii zingetoa pengo la gunia 3.3 au zaidi, kwa upande wowote, takribani mara 4 katika 100.

Soma polepole hapo. Haisemi kwamba kuna uwezekano wa asilimia 4 wa mbegu kuwa sawa. Haisemi kwamba chotara ina asilimia 96 za kushinda. Inaanza kwa kusema "kama hakuna tofauti", na hilo "kama" usiliache njiani.

Mstari wa 0.05, ambapo p iliyo chini yake huchukuliwa kuwa ushahidi wa kutosha, ulipata nguvu kupitia mwanatakwimu Ronald Fisher, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, kuanzia mwaka 1919. Ni desturi tu, tena desturi yenye manufaa, lakini p ya 0.049 na ya 0.051 zinakwambia kitu kilekile. Mwaka 2016 chama cha wanatakwimu cha Marekani kilitoa tamko rasmi kwamba hitimisho la kisayansi au uamuzi wa kisera usiegemee tu kwenye p kuvuka au kutovuka mstari fulani. Mwambie msimamizi wako hivyo, kwa heshima zote.

Masafa ya uhakika nayapataje? Naomba hatua kwa hatua.

Tuendelee na Mbozi. Mbali na wastani, unahitaji kujua mavuno yametawanyika kiasi gani ndani ya kila kundi. Hicho ndicho kipimo kinachoitwa mchepuko sanifu. Tuseme kwa chotara ni gunia 4.1, na kwa mbegu ya kutunza ni 3.2.

Zidisha kila mmoja kwa wenyewe, kisha gawanya kwa idadi ya wakulima wa kundi lake. Chotara: 16.81 gawanya kwa 12 ni 1.40. Mbegu ya kutunza: 10.24 gawanya kwa 12 ni 0.85. Jumlisha, unapata 2.25. Kipeuo cha pili chake ni 1.50, na hilo ndilo kosa sanifu la tofauti: linaonyesha ile 3.3 ingeyumba kwa kiasi gani kama ungerudia kuchagua wakulima.

Sasa gawanya 3.3 kwa 1.50. Unapata takribani 2.2, na hiyo ndiyo t, namba inayotoa ile p ya 0.04. Kwa sampuli za ukubwa huu, jedwali la t linakupa 2.08 kama kipimo cha asilimia 95. Zidisha 2.08 kwa 1.50, unapata 3.1. Toa na ujumlishe kwenye 3.3. Masafa yako yanaanzia gunia 0.2 na kuishia gunia 6.4.

Namba hizo mbili zibebe kwenda nazo kijijini. Zinasema chotara inaonekana kumwongezea mkulima kitu kati ya robo ya gunia na gunia sita na nusu kwa ekari. Ni pana, kweli. Wakulima 12 kwa 12 wana uwezo wa kusema hicho tu, na ni heri kukisema kilivyo.

Jedwali la t lenyewe lina historia inayotuhusu. Mwaka 1908 William Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin, alichapisha hesabu hizo kwa jina la kujificha la "Student", kwa sababu kazini kwake walikuwa wakifanya majaribio yenye vipimo vichache mno. Shayiri, humle (maua ya kutia bia uchungu), sampuli nne au tano. Hesabu hii ilitafutwa kwa ajili ya watu wenye hali kama yetu.

Asilimia 95 ina maana gani hapo?

Ni sifa ya njia. Ukirudia utafiti mara nyingi kwa njia hii, kila mara na wakulima wapya, karibu masafa 95 kati ya kila 100 yatadaka tofauti ya kweli, na 5 yataikosa. Haya yako ya leo ni mojawapo, na huna namna ya kujua kama ni ya wale 95 au ya wale 5. Wazo hili lilipangwa vizuri na mwanatakwimu Jerzy Neyman mwaka 1937.

Nimechora masafa ya kila kundi peke yake, nikaona yanaingiliana. Msimamizi amesema basi hakuna tofauti.

Hili linanisikitisha kila ninapoliona, kwa sababu kazi nzuri hutupwa bure. Angalia mfano wetu. Masafa ya chotara peke yake ni gunia 15.8 hadi 21.0. Ya mbegu ya kutunza peke yake ni 13.1 hadi 17.1. Yanaingiliana vizuri tu, kuanzia 15.8 mpaka 17.1. Lakini masafa ya *tofauti* ni 0.2 hadi 6.4, na sifuri haimo. Ushahidi wa tofauti upo!

Sababu yake ni kwamba makosa ya makundi mawili hayajumlishwi moja kwa moja. Yanajumlishwa kwa miraba, kama tulivyofanya hapo juu, na jumla yake huwa ndogo kuliko unavyokisia kwa macho. Masafa yasipogusana kabisa, ushahidi wa tofauti upo. Yakiingiliana, picha hiyo haijakupa jibu, na inabidi uhesabu masafa ya tofauti yenyewe.

p ni 0.04. Niandike kwamba wakulima wote wahamie kwenye chotara?

Bado. Uliza kwanza gharama. Tuseme mbegu na mbolea ya ziada kwa ekari vinagharimu thamani ya gunia 2. Masafa yako yanaanzia 0.2. Maana yake data yako inakubaliana na hali ambayo mkulima anavuna zaidi lakini anapata hasara, na inakubaliana pia na hali ambayo anapata faida ya gunia 4. Jaribio limekwambia tofauti si sifuri, na hakuna mkulima aliyeuliza kama ni sifuri. Aliuliza kama inamlipa.

Mimi ningeandika kwamba matokeo yanatia moyo na kwamba mashamba zaidi yapimwe msimu ujao kabla ya kuwashauri watu wakope.

Kila mkulima wangu alipanda mbegu zote mbili, nusu kwa nusu. Nafanya jaribio lilelile?

Hapana, na nakupongeza, kwa sababu umepanga utafiti vizuri kuliko wengi. Data yako inakwenda kwa jozi.

Chukua wakulima wanane wa viazi mviringo kwenye miinuko ya Uporoto. Kila mmoja ana vitalu viwili vya mita 10 kwa 10 vilivyo bega kwa bega, kimoja cha mbegu ya zamani, kingine cha mbegu safi. Kilo walizovuna kwa mbegu ya zamani: 96, 150, 118, 205, 132, 171, 88, 160. Kwa mbegu safi, kwa mpangilio uleule: 108, 155, 136, 202, 141, 185, 95, 170.

Ukiwachukulia kama makundi mawili yasiyohusiana, wastani ni 140 na 149, tofauti kilo 9, na masafa yanatoka kilo 32 chini ya sifuri mpaka kilo 50 juu yake. Hujui lolote. Ni kwa sababu mkulima wa nne ana shamba la neema na wa saba ana udongo uliochoka, na pengo baina ya watu hao wawili linaimeza tofauti ya mbegu.

Sasa toa ndani ya kila jozi: 12, 5, 18, −3, 9, 14, 7, 10. Wastani ni 9 uleule, lakini udongo wa kila mtu umejitoa wenyewe. Mchepuko sanifu wa tofauti hizi ni 6.3, kosa sanifu ni 2.2, t ni 4.0, na masafa ni kilo 3.7 hadi 14.3 kwa kila kitalu. Wakulima ni walewale na viazi ni vilevile, ila sasa umepata jibu. Watu saba kati ya wanane wamepata zaidi, na hilo unaweza kuwaonyesha kwa kalamu kwenye karatasi ya manila bila kutaja t wala p.

Nimepima mimea 40 kwenye shamba la mbolea na mimea 40 kwenye shamba lisilo na mbolea. Sampuli yangu ni 80?

Sampuli yako ni mashamba mawili. Najua inauma kusikia hivyo baada ya kuchuchumaa kutwa nzima na rula kwenye umande. Lakini mimea 40 ya shamba moja imekula udongo mmoja, imenyeshewa mvua moja na imepaliliwa na mkono mmoja, na mbolea uliiweka kwenye shamba zima kwa pamoja. Ukiona tofauti, huwezi kujua imeletwa na mbolea au na mteremko. Programu ya kompyuta haitakukatalia: itaikubali 80 na kukutolea p ya 0.0001.

Dawa ni kuongeza mashamba au vitalu. Mimea 5 katika mashamba 16 ina thamani kubwa mno kuliko mimea 40 katika mashamba mawili, na jumla ya mimea ni ileile 80. Kama data imeshakusanywa, chukua wastani wa kila shamba, uhesabu shamba kama kipimo kimoja, na useme ukweli kwenye ripoti.

Mimi sina kilo wala gunia, nina "imepona" na "imekufa".

Hapo unalinganisha asilimia. Tuseme Rungwe ilipandwa miche ya parachichi kuelekea kiangazi: 120 ikawekewa matandazo, ikapona 78, yaani asilimia 65, 100 haikuwekewa, ikapona 50, asilimia 50. Tofauti ni 0.15. Kosa sanifu unalipata kwa kuzidisha, kwa kila kundi, sehemu iliyopona kwa sehemu iliyokufa, kugawanya kwa idadi, kujumlisha, kisha kutafuta kipeuo cha pili: 0.066. Zidisha kwa 1.96, ambayo hapa inashika nafasi ya ile 2.08, upate 0.13. Masafa ni asilimia 2 hadi 28.

Kwa jaribio lenyewe, kosa sanifu hukokotolewa kwa kuchanganya makundi (128 kati ya 220), maana dai la kuanzia linasema asilimia zao ni moja. z, yaani tofauti gawanya kwa kosa hilo sanifu, inakuwa 2.25 na p karibu 0.025. Njia hii inahitaji kila kundi liwe na waliopona na waliokufa wa kutosha. Wengi hutaka angalau 10 kila upande. Na angalizo la mashamba mawili linakuhusu hata wewe: miche iliyo kwenye bustani moja si miche 120 inayojitegemea.

Kwenye SPSS, programu ya takwimu, napata mistari miwili ya majibu ya jaribio la t. Nichukue upi?

Wa chini, usiodai kwamba mitawanyiko ya makundi ni sawa. Ni jaribio la Welch, la mwaka 1947, na ndilo tulilotumia Mbozi. Mitawanyiko ikiwa sawa hupotezi karibu chochote. Isipokuwa sawa, linakuokoa. Programu ya R hulitumia yenyewe usipoiambia vingine.

Mkulima mmoja amevuna mara tano ya wenzake. Nimtoe?

Kwanza rudi kwenye dodoso. Mara nyingi ni kosa la kuandika, au ni ekari tano zilizohesabiwa kama moja. Kama namba ni ya kweli, usimtoe. Yumo kwenye kundi zima, na wengine kama yeye wamo. Ripoti majibu ukiwa naye na ukiwa humjumuishi. Data iliyoelemea upande mmoja, hasa ya kipato, inaweza kuhitaji kubadilishwa kwenda logi (logarithimu) kwanza, au jaribio la Mann na Whitney la mwaka 1947, linalotumia nafasi za vipimo badala ya vipimo vyenyewe. Kwa sampuli kubwa zilizoelemea upande mmoja kidogo tu, jaribio la t linavumilia sana.

Nimeambiwa 30 inatosha.

Inatosha kwa nini? Jibu linategemea tofauti unayotaka kuigundua. Kuna kanuni ya haraka: mraba wa mchepuko sanifu, gawanya kwa mraba wa tofauti unayoitafuta, zidisha kwa 16. Mchepuko ukiwa gunia 4 na tofauti gunia 3, unahitaji wakulima 29 kila kundi ili uwe na nafasi ya takribani asilimia 80 ya kuiona. Ukitafuta tofauti ya gunia 2, wanakuwa 64 kila kundi. Ya gunia 1: 256! Fanya hesabu hii kabla ya kuomba nauli.

p yangu ni 0.30. Naandika kwamba makundi yako sawa?

Usiandike hivyo. Tazama masafa. Yakiwa kutoka −0.1 hadi 0.3 ya gunia, una haki ya kusema kama kuna tofauti ni ndogo. Yakiwa kutoka −3 hadi 10, huna unachojua bado, na "sawa" ni neno zito mno.

Nimelinganisha mambo 20, nikapata moja lenye p chini ya 0.05.

Hata kama hakuna tofauti popote, vipimo 20 vinavyojitegemea vina uwezekano wa asilimia 64 kutoa angalau kimoja cha namna hiyo. Taja vyote 20. Na kile ulichokikusudia tangu mwanzo kiandike kwenye pendekezo la utafiti kabla hujaiona data.

Waliohudhuria mafunzo wamevuna zaidi. Ni mafunzo?

Huenda. Lakini nani alihudhuria? Kwa kawaida ni anayekaa karibu na barabara, mwenye simu, mwenye mtu wa kumwachia ng'ombe. Huyo angevuna zaidi hata bila mafunzo. Vivyo hivyo ukilinganisha Ismani na Mufindi: Ismani ni kukavu, Mufindi kuna mvua ya kulea chai, na hakuna jaribio la t litakalozitenganisha mvua na mbegu kwa niaba yako. Tunachoweza kufanya ni kupiga kura nani aanze msimu huu na nani asubiri ujao. Vikaratasi kwenye kofia mbele ya mkutano wa kijiji vinatosha, na watu huukubali utaratibu huo kwa sababu wanauona kwa macho.

Kuna kosa gani usilolisamehe?

Kutopima. Msimu mmoja tulipita na madodoso barabara ya Uyole kwenda Tukuyu. Pale Isongole viazi vilikuwa vimepangwa kando ya lami, na tuliuliza "gunia ngapi?" tukaandika. Jioni mwenzetu mmoja akapendekeza tupime magunia mawili tu. La kwanza lilishonwa usawa wa mdomo. La pili lilikuwa lumbesa, limevimba juu na kufungwa kwa kamba za katani. La pili lilizidi la kwanza kwa zaidi ya kilo 30. Yote tulikuwa tumeyaandika "gunia 1", na upande mmoja wa barabara ulipenda lumbesa kuliko mwingine. Tofauti tuliyokuwa tukiishangilia ilikuwa ya vifungashio. Tulizifuta kurasa zote tukaanza upya na mizani. Kwa mahindi ni hivyohivyo: uliza gunia ni debe ngapi, kisha pima debe.

Sentensi ya matokeo naiandikaje?

Anza na tofauti, fuata na masafa, weka p mwisho, na kipimo kiwe kile anachokitumia mkulima. Kwa mfano: "Wakulima 12 waliopanda chotara walivuna wastani wa gunia 3.3 za kilo 100 kwa ekari zaidi ya wakulima 12 waliopanda mbegu ya kutunza (masafa ya uhakika ya asilimia 95: gunia 0.2 hadi 6.4; jaribio la t la Welch, p = 0.04). Wakulima hawakupangiwa mbegu kwa kura, na mavuno yote yalipimwa kwa mizani."